Paa la nyumba yetu Ujiji limeng'oka mara mbili ndani ya siku kumi na moja: tujadili cha kufanya baada ya mvua ya upepo

BintiUjiji

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kibarazani kwa jirani, maana kwetu upande wa jikoni bado tumefunika turubai. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Wakati natafuta msaada nilipata wengi wa kunipa pole, Mungu awabariki, lakini wachache mno wa kuniambia nianze na nini.

Mnaoishi Kigoma mnajua mvua zetu zinavyoingia. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, na mvua zake za mwanzo ndizo zenye upepo mbaya. Joto linapanda siku nzima, jani halitikisiki, halafu wingu linajaa na unapigwa na ubaridi wa ghafla usoni. Ubaridi ule ni hewa iliyopozwa na mvua huko juu. Inakuwa nzito, inaporomoka, ikigonga ardhi inasambaa kwa kasi. Ndiyo maana upepo unafika kabla ya tone la kwanza. Ukiusikia, dakika ulizobaki nazo ni chache.

Siku ile ilikuwa saa tisa alasiri. Mama mkwe alikuwa uani anakusanya mise, zile kokwa za chikichi, alizoanika, mimi nakimbilia nguo kambani. Mlango wa mbele tuliuacha wazi, nao unatazama kule kule upepo ulikotokea. Bati zikaanza kulia. Paa la vyumba viwili vya mbele likainuka upande mmoja pamoja na mbao zake, likakaa hewani kidogo, kisha likaenda kulala juu ya migomba ya jirani. Alhamdulillah hakuna aliyeumia. Watoto walikuwa bado shule.

Sasa sehemu inayoniuma. Kesho yake asubuhi nilishaleta fundi. Nilikuwa na hofu, mvua inakuja, godoro zimelowa, mama mkwe analala kwa watu. Nikamwambia afanye haraka. Akanyoosha bati zile zile, akaokota mbao zile zile, akapigilia misumari ile ile iliyong'oka. Siku mbili kazi ikaisha, nikalipa, nikashukuru. Siku ya kumi na moja ukaja upepo wa kawaida kabisa, jirani hata kuku wake hawakukimbia, paa likaondoka tena.

Safari hii nilikaa chini nikaokota kipande cha papi, ule ubao unaopigiliwa bati, nikakitazama vizuri. Misumari ilikuwa imechomoka ikiwa imenyooka, haijapinda hata kidogo. Kwenye ubao palikuwa na matundu mawili mawili: la zamani, na jipya lililopigwa ubavuni mwake, na kati yao ufa mwembamba kama unywele. Msumari haukuwa na kitu cha kushika. Nikapanda ngazi kuangalia juu ya ukuta. Ule ubao unaobeba kenchi, yaani fremu za mbao za paa, ulikuwa umelazwa juu ya tofali kwa udongo mtupu. Hakuna waya, hakuna nondo. Miaka yote hiyo paa letu lilikuwa limekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu.

Upepo wa kwanza ulikuwa na haki yake. Wa pili ni haraka yangu. Na shambani nako ilibaki kidogo nifanye yale yale. Shemeji zangu walikuja na mapanga siku ya pili, wakataka kufyeka kila kilicholala: migomba, mihogo, na michikichi saba ya aina ya Tenera tuliyopanda kwa miche iliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Ina miaka mitatu, ndiyo kwanza inaanza kutoa maua. Mama mkwe akasimama mbele yao akasema, "Mti haujafa mpaka uoze moyo. Rudisheni mapanga ndani." Walirudisha.

Kwa hiyo naomba tujadiliane hapa: nini kifanywe siku ileile, nini kisubiri, na nini kisifanywe kabisa. Wenye uzoefu wa paa, wa miti, wa bustani, karibuni. Mahindi gunia mbili nayo yalilowa, sijui niyafanyeje.

Kijana_wa_Mwanga

Pole sana dada. Huku Mwanga sokoni mabanda kadhaa yalienda siku hiyohiyo. Nimeweka kambi.

Fundi_Gungu

Pole mama. Nimeezeka nyumba mji huu zaidi ya miaka ishirini na ninachosoma hapa nakiona kila msimu.

Watu wanadhani upepo unasukuma paa. Upepo ukipita juu ya bati unalivuta kwenda juu, na mvuto mkubwa uko kwenye kingo na pembe, hasa pale paa lilipotokeza nje ya ukuta. Ukiacha mlango wazi upande wa upepo, hewa inajaa ndani na kusukuma kutoka chini. Hapo paa linavutwa na kusukumwa kwa pamoja. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Paa lililovumilia miaka kumi linaweza kuondoka siku moja na mwenye nyumba akasema amerogwa.

Kwa hiyo mama, usianze na bati. Anza na ukuta. Kama ni tofali za udongo na zimelowa, subiri zikauke. Shusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupima wima, kila kona, kama ukuta umelala usipandishe mtu juu yake. Nimewahi kukataa kazi kwa sababu hiyo, mwenye nyumba akakasirika, akatafuta mwingine. Pembe tatu ya ukuta ikaanguka wakiwa wanapandisha kenchi. Fundi alivunjika mguu.

Ukuta ukiwa sawa, toboa chini ya kozi (safu za tofali) nne au tano kutoka juu, au chini ya mkanda wa lenta kama upo. Pitisha waya mnene mara mbili au nondo ya milimita 6, ipande pande zote mbili za ukuta, izunguke ubao wa juu na kenchi, ikazwe, halafu ziba kwa saruji. Fanya hivyo kila kenchi. Hapo upepo ukitaka kuondoka na paa itabidi uinue na ukuta.

Misumari: iliyong'oka usiirudishe, na tundu la zamani usilisogelee. Ukiweza geuza papi upande wa pili au badilisha. Msumari wa bati uwe na mpira wake, upigwe kwenye mgongo wa bati, sio bondeni, na ukishapenya upande wa chini ukunjwe. Katikati ya paa unaweza kuruka migongo mitatu, lakini pembezoni na kwenye kofia usiruke zaidi ya mmoja. Papi zisiachane zaidi ya futi tatu. Bati nazo, kumbukeni namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni rahisi dukani ila upepo unalichana kwenye msumari kama karatasi. Mimi mtu akiniambia hela haitoshi, namwambia tumia bati zako za zamani zilizonyooshwa, hela yote iende kwenye waya, mbao na misumari.

Mtabora_wa_Isevya

Salamu kutoka Tabora. Sisi huku kwetu ni miembe. Mji umejaa miembe ya zamani, mingine haijulikani aliyeipanda, na mvua za Novemba zinakuta imebeba maembe mazito. Matawi yanapasuka.

Mwaka juzi mwembe wa marehemu baba ulipasuka tawi kubwa likabaki limening'inia juu ya jiko. Nikapanda na msumeno nikakata kutoka juu, palepale karibu na shina. Nusu ya kazi tawi likaanguka kwa uzito wake, likachuna gamba la shina kwenda chini zaidi ya urefu wa mtu. Kidonda kile hakijafunga mpaka leo, na mchwa wameshaingia.

Baadaye bwana shamba mmoja alinionyesha. Tawi zito halikatwi mara moja. Unaanza kwa chini, hatua moja hivi kutoka kwenye shina, unaingiza msumeno robo tu. Kisha unakata kutoka juu, mbele kidogo ya ule mkato, tawi linaanguka bila kuchuna chochote. Mwisho unaondoa kigutu kilichobaki, ukiacha ule uvimbe ulioko tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, ukiukata umekata dawa. Wala usipake oili chafu. Acha kidonda kipate hewa.

Jambo jingine ambalo sikulijua: mti uliopoteza majani mengi ghafla, hasa mparachichi, gamba lake linaungua na jua maana halijazoea. Paka shina chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji. Na utomvu wa mwembe unawasha ngozi, vaa shati la mikono mirefu.

HeruJuu

Wakuu, niko Kasulu. BintiUjiji, mama mkwe wako ana akili sana, mpe salamu zangu.

Migomba iliyovunjika katikati haitazaa, hiyo kata. Ila ukate ukiwa na ndoo ya maji yenye jiki, panga lichovye kila unapotoka shina moja kwenda jingine, au lipitishe kwenye moto. Mnyauko wa migomba unasafiri sana kwa panga. Baada ya upepo kijiji kizima kinaazimana panga moja na miezi michache baadaye mashina yananyauka, watu wanauliza ugonjwa umetoka wapi. Kwenye kila shina acha chipukizi moja lenye nguvu, lile lenye majani membamba kama upanga, na jingine dogo la kufuatia. Uliolala bila kuvunjika na una mkungu, uegemeze kwa miti miwili iliyofungwa kama mkasi.

Mihogo ndiyo isiyosubiri. Kama imeng'oka na mizizi iko nje, siku mbili tatu inabadilika rangi ndani. Menya, loweka, anika, au pika. Iliyoinama tu, shindilia udongo uache. Mashina ya mbegu chagua kwenye yale ambayo muhogo wake ukiupasua ni mweupe safi. Wenye mabaka ya kahawia ndani una ugonjwa wa michirizi, usipande hata kama shina linapendeza.

Halafu jamani, bustani ikiwa imejaa maji msiikanyage. Udongo mbichi ukikanyagwa unashindiliwa na mizizi inakosa hewa. Chimba mfereji pembeni, maji yatoke, rudi siku ya tatu. Nyanya zisiguswe zikiwa zimelowa, unasambaza ukungu kwa mikono yako mwenyewe.

Mwana_Mwalo

Naongezea mambo ambayo hayajasemwa, naomba yasomwe kabla ya yote hapo juu.

La kwanza ni nyaya. Sisi Kibirizi mtoto wa jirani yangu alikanyaga kamba ya nguo asubuhi baada ya mvua. Kamba ilikuwa ya waya, imeshikana na bati, bati limelalia waya wa umeme uliokatika. Alirushwa, akapona kwa kudra za Mungu tu, mkono wake mpaka leo una kovu. Waya ulio chini msiuguse, hata kama mtaa mzima hauna umeme, maana unaweza kurudi dakika yoyote. Kaeni mbali hatua kumi na tano, wekeni mtu wa kuzuia watoto, pigeni TANESCO. Zima meinswichi ya nyumba iliyoezuliwa mpaka fundi umeme aseme sawa. Moto ukitokea namba ya zimamoto ni 114.

La pili ni radi. Msikimbilie paani ngurumo ya mwisho ikinyamaza. Subirini nusu saa. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja.

La tatu ni maji. Choo cha shimo kikijaa maji ya mvua, kila kisima kilicho bondeni kwake kina shaka. Watu wa Kigoma kipindupindu hatukisikii kwenye redio, tulikiona Kagunga mwaka 2015 wakati wakimbizi kutoka Burundi walipojaa pale ufukweni. Chemsheni maji. Mchicha na matembele yaliyofunikwa na maji machafu msiyale kwa siku hizi, kateni mtupe, yachipue upya.

Sisi wa ufukweni tuna jambo letu jingine. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 maji hayakuja na kuondoka kama mafuriko ya mto. Ziwa Tanganyika mlango wake wa kutokea ni Lukuga tu, upande wa Kongo, kwa hiyo kupungua kwake ni kwa polepole mno. Aliyejenga karibu na maji akijiambia yatashuka wiki ijayo alisubiri sana. Hilo halina turubai wala msumari, ni kuhama. Nimehama mimi.

Mama_Zawadi

BintiUjiji, kuhusu mahindi. Mwaga gunia leo hii, usingoje kesho. Tandaza kwenye turubai au mkeka, usitandaze kwenye udongo, yawe tabaka jembamba, geuza kila baada ya muda. Yaliyoota ukungu, yaliyobadilika rangi, yenye harufu, tenga na uzike. Usiwape kuku, usipike pombe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi. Sumu ile haiishi kwa kuosha wala kwa kupika ugali muda mrefu. Inauma kutupa chakula, najua, nimetupa debe tatu huku nalia.

Mkulima_Simbo

Dada mimi natofautiana na mama mkwe wako kidogo. Mchikichi uliolala ni hasara. Ng'oa, panda mwingine, miaka mitatu unavuna. Ukiubembeleza unapoteza muda.

BintiUjiji

Asanteni nyote, kweli nimesoma kila neno. Mama Zawadi, mahindi nimeyatandaza leo, debe moja limeenda shimoni.

Mkulima_Simbo, nimekuelewa, na nisingekuwa nimeumia na paa ningekufuata. Ila nilienda kumuuliza mzee mmoja hapa Ujiji anayelima michikichi toka ujana wake. Mchikichi hauna mzizi mkuu, una mizizi mingi kama nywele inayotandaa karibu na juu, ndiyo maana udongo ukilegea kwa maji unainama bila kuvunjika. Wenye umri kama wa kwetu unaweza kunyanyuliwa taratibu, ukaegemezwa, mizizi iliyo wazi ikafunikwa udongo. Uliokwisha kuwa mkubwa unaachwa ulivyoinama, kilele chenyewe kitajipinda kutafuta jua. Kisichopona ni moyo wake. Mti mzima unakua sehemu moja tu pale juu, hauna chipukizi la akiba kama mgomba. Na majani ya kijani yasikatwe hata kama yamevunjika nusu, maana ndiyo yanayoulisha.

Alinipa kipimo. Katikati ya kilele kuna jani changa ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Ukifunga uzi kwenye mkuki huo usawa wa jani la jirani yake, ukarudi baada ya wiki mbili, uzi ukiwa umepanda juu mti uko hai. Mchikichi wenye afya unafungua majani kama ishirini na kitu kwa mwaka, kwa hiyo wiki mbili zinatosha kuona. Nimefunga uzi mwekundu miti yote saba jana jioni. Mama mkwe alikuwa ananishikia ngazi.

Na kwa Fundi_Gungu: ukuta wa mbele umelala, kidole kimoja na nusu kwenye timazi. Tunasubiri.

Kijana_wa_Mwanga

Mmesahau serikali ya mtaa. Kabla hamjagusa kitu pigeni picha, paa, ukuta, shamba, kisha mwende kwa mtendaji muandikwe. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Msaada unaweza usije, lakini jina lisilo kwenye orodha haliwezi kusaidiwa. Kaka yangu alisafisha kiwanja vizuri siku ya kwanza, walipokuja kukagua wakakuta pasafi wakaondoka.

BintiUjiji

Wakuu, nimerudi, ni wiki ya tano sasa.

Ukuta wa mbele tuliubomoa kozi sita na kuujenga upya, na waya umepita chini ya kila kenchi. Bati ni zile zile za zamani, zina makunyanzi, ila misumari yote ni mipya na papi tatu zimebadilishwa. Juzi usiku upepo umekuja tena. Nilifunga mlango na madirisha ya upande wake, tukakaa chumba cha nyuma, mama mkwe na tasbihi yake. Bati zililia. Asubuhi nilipanda ngazi nikashika waya mmoja mmoja kwa mkono, yote ilikuwa imekaza.

Michikichi: mitano uzi umepanda. Mmoja umepanda zaidi ya shubiri na jani la pili limeshafunguka. Wa sita nilipoushika mkuki ulitoka mkononi kama mshumaa, chini umeoza na unanuka, huo nimeukata. Wa saba uzi haujasogea, ila mkuki bado mgumu na wa kijani. Shemeji ameniuliza tena jana kama alete panga. Nimemwambia tungoje wiki mbili nyingine.